Chupa Irudi

Watu wakisimulia historia ya soda huanzia kwenye ladha. Utasikia habari za kanuni ya siri iliyofungiwa Atlanta, utasikia habari za John Pemberton, mfamasia aliyechanganya Coca-Cola ya kwanza mwaka 1886, kisha ubishi wa Coca na Pepsi utaanza na hautaisha. Mimi nimekulia Mwanza, mitaa ya Mabatini, na soda niliyoifahamu haikuwa na siri yoyote. Ilikuwa na kreti, ilikuwa na lori, na ilikuwa na sharti ambalo mwenye duka alilitamka kabla hata hajashika opena: chupa irudi.

Kwa hiyo nikiulizwa habari za Nyanza Bottling, kampuni ambayo imetunywesha soda Kanda ya Ziwa nzima, siwezi kuanza na ladha. Ladha ilikuja kutoka Marekani ikiwa tayari. Kazi waliyoifanya watu wa huku ilikuwa nyingine, na kwa maoni yangu ni ngumu zaidi: kuhakikisha chupa inatoka Mwanza, inafika Nansio, Sengerema, Bariadi, Tarime na Ngara, inanywewa na mtu wasiyemjua, halafu inarudi Mwanza ikiwa nzima.

Tanzania ya Coca-Cola imegawanywa kwa wajazaji watatu. Dar es Salaam wapo Coca-Cola Kwanza. Moshi wapo Bonite Bottlers, kampuni ya marehemu Reginald Mengi. Huku kwetu wapo Nyanza Bottling, na jina linalotajwa nayo siku zote ni la Christopher Mwita Gachuma, mfanyabiashara kutoka Mara ambaye wengine wanamfahamu zaidi kwa siasa za CCM. Kila mmoja ana eneo lake. Kijana wa Moshi na kijana wa Musoma wanaweza kuwa wameshika Fanta zenye rangi moja na nembo moja, lakini pesa zao zimeingia kwenye kampuni mbili tofauti na maji waliyokunywa ni ya mikoa miwili tofauti. Watu wengi hawalijui hilo hadi leo. Wanadhani kuna "Coca-Cola" moja kubwa mahali fulani inayomwaga soda dunia nzima.

Mfumo huo una asili yake, nayo inachekesha. Mwaka 1899 mawakili wawili wa Chattanooga, Benjamin Thomas na Joseph Whitehead, walimwendea Asa Candler, mwenye Coca-Cola wakati huo, wakamwomba haki ya kuijaza kwenye chupa. Candler alikuwa akiiuza kwa glasi tu, kwenye kaunta za maduka ya dawa, na mambo ya chupa aliyaona ni usumbufu. Akawapa haki ya karibu Marekani nzima kwa dola 1, na inasemekana hata hiyo dola hakuwahi kuidai. Nao hawakuwa na mtaji wa kujenga viwanda kila mahali, wakaikata nchi vipande vipande na kuuza haki kwa matajiri wa kila mji. Ndiyo maana leo, zaidi ya miaka 120 baadaye, Mwanza ina tajiri wake wa soda. Mwenye jina hajazi, mwenye kujaza hana jina, na wote wawili wanakula.

Lakini hata bila huo mkataba, ziwa lingedai kiwanda chake. Piga hesabu. Kreti moja ni chupa 24. Chupa ya mililita 300 mara 24 ni lita 7.2 za soda, na karibu yote ni maji na sukari. Chupa ya kioo ya kurudishwa, ile nene, inazidi uzito wa soda iliyomo ndani yake. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100. Umpe mtu kazi ya kubeba maji na kioo umbali huo, avifikishe kwenye mji uliokaa juu ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, kisha abebe kioo kitupu kilomita 1,100 nyingine kukirudisha. Reli ya kati ilifika Mwanza mwaka 1928 na imebeba pamba, mafuta na saruji, lakini soda haina faida ya kulipia safari hiyo mara mbili. Ni afadhali kuleta kiini cha ladha kwenye vyombo vyake vilivyofungwa, ulete sukari, ulete gesi, na maji uyapate hapa hapa.

Shule ya msingi tulikopita, ziara ya masomo ilikuwa ama Makumbusho ya Bujora ama kiwandani, na wengi tuliomba kiwandani kwa sababu zinazoeleweka. Kiwanda cha soda ukikiingia, kitu cha kwanza kinachokupiga ni kelele. Chupa elfu kadhaa zinagongana kwenye mkanda bila kupumzika. Cha pili ni kwamba sehemu kubwa ya jumba haihusiani na soda kabisa. Ni kuosha. Chupa zinazorudi kutoka mikoani zinaingia kwenye mashine kubwa mno, zinalowekwa kwenye maji ya kostiki, dawa kali ya kuoshea, yenye moto wa nyuzi 60 na zaidi, zinasuguliwa kwa maji ya kasi, zinasuuzwa, kisha zinapita mbele ya taa nyeupe ambapo mtu amekaa anaziangalia moja moja. Wakati ule alikuwa mama mmoja mwenye kofia ya kitambaa. Chupa iliyopasuka mdomo, anaitoa. Yenye kijiti ndani, anaitoa. Mkono wake ulikuwa unakwenda kabla jicho langu halijaona tatizo lilipo.

Baada ya hapo mambo ni mepesi zaidi kuliko unavyodhani. Maji yanachujwa na kutibiwa, sukari inayeyushwa kuwa shira, kiini kinachanganywa na shira, shira inachanganywa na maji, na mchanganyiko unapoozwa sana kabla ya kutiwa gesi kwa sababu gesi hukaa vizuri kwenye kitu cha baridi. Ndiyo sababu pia soda iliyoshinda juani ukiifungua inakurukia usoni. Chupa zinajazwa zikizunguka, zinabanwa kizibo, zinapigwa tarehe, zinashuka kwenye kreti. Hatua hiyo ya mwisho ilituvutia watoto wote tukasahau ile ya kwanza. Sasa hivi ningekaa na yule mama wa taa siku nzima.

Chupa moja ikitunzwa huzunguka hivyo mara 20 na zaidi. Zikipungua kwa kuvunjika, mpya lazima ziagizwe, na kiwanda cha vioo tulicho nacho, Kioo Limited, kiko Dar es Salaam. Kwa hiyo kila chupa inayovunjikia Magu ina bei yake ya lori juu ya bei ya kioo. Mtu wa kampuni ya soda Mwanza akisikia chupa imeanguka, nadhani anasikia kilomita.

Mzigo huo ulishushwa kwa nani? Kwa mwenye duka. Mama mdogo alikuwa na duka Mabatini, dirisha la nondo na benchi moja nje, na utajiri wake uliokuwa unaonekana ni kreti. Sukari na unga vinaisha, kreti hazikwishi. Lori lilipokuja, utingo hakuuliza una pesa ngapi. Aliuliza una mtupu ngapi. Kama una kreti sita tupu unapata kreti sita za soda, hata uwe na fedha za kununulia ishirini. Ukitaka ya saba, ulipie soda na ulipie chupa 24 na ulipie kreti lenyewe, na hiyo hela ya chupa ilikuwa inauma kuliko ya soda. Watu walianza biashara kwa kurithi kreti. Niliwahi kusikia mgawanyo wa mali ya marehemu ambapo kreti zilitajwa kabla ya baiskeli.

Basi mama mdogo aliilinda ile mitupu kwa sheria kali. Mtoto akitumwa soda nyumbani, ama alete chupa ya kubadilishia ama aache hela ya chupa. Mtu mzima anywee pale kwenye benchi. Hata mwalimu mkuu alinywea kwenye benchi. Na chupa ikirudi, kabla hajaipokea, aliinusa. Aliiinua hadi puani, akavuta pumzi kidogo, kisha ama akaiweka kwenye kreti ama akairudisha mkononi mwako bila neno. Sababu ni kwamba chupa ya soda kwenye nyumba zetu ilikuwa na kazi nyingi. Ilipimia mafuta ya taa, ilihifadhi asali, ilitunza samli, ilibebea dawa ya mganga. Chupa iliyolala na mafuta ya taa wiki nzima haidanganyi pua, na utingo wa lori naye alikuwa na pua.

"Mwanangu, hii si yako, ni ya kampuni," aliniambia siku moja nilipoleta iliyonuka. "Na mimi kampuni inanidai."

Nimeishi kuona watu wakiikumbuka enzi ya chupa za kioo kama enzi ya usafi na heshima, hasa wanaoishi mjini na kuandika mitandaoni. Mimi nina wasiwasi na kumbukumbu hiyo. Mfumo ule ulikuwa safi barabarani, ni kweli, hukuona chupa ya soda imetupwa mtaroni kwa sababu ilikuwa ni pesa. Lakini ulikuwa mgumu kwa mtu asiye na kitu. Mama muuza vitumbua hakuweza tu kuamua kuongeza soda kesho asubuhi. Kreti ilikuwa ni kizingiti, na waliokwisha kuingia walifurahia kuwa kipo.

Halafu kuna miaka ambayo kreti zilikuwepo na soda haikuwepo. Sikuiona mwenyewe vizuri, lakini wazee wa Mwanza wanaisimulia bila kuombwa. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilipiganwa mlangoni kwetu, na baada ya vita Mwalimu akawaomba wananchi wafunge mkanda miezi 18. Mkanda ulifungwa muda mrefu kuliko hapo. Fedha za kigeni zilikauka, na soda ni kitu cha fedha za kigeni kuliko kinavyoonekana: kiini kinanunuliwa kwa dola, vipuri vya mashine kwa dola, hata bati la vizibo kwa dola. Sukari nayo ikawa ya foleni. Mwaka 1983 Edward Sokoine alipoendesha msako wa wahujumu uchumi, sabuni na sukari zilikutwa zimefichwa hadi kwenye mashimo, na mtu kuwa na kreti nyingi za soda dukani lilikuwa jambo la kuelezea. Ukiwa na harusi ulizunguka ofisini kuomba kibali cha soda na bia. Babu mmoja jirani yetu alikuwa akisema harusi yake ilikunywa togwa, na aliyasema hayo kwa fahari, lakini mkewe alikuwa akinyamaza.

Mwinyi aliingia 1985, makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa yakafuata 1986, na mlango ukaanza kufunguka. Mzee Ruksa, tuliita. Miaka ya tisini ndiyo iliyoifanya soda kuwa kitu cha kila siku huku ziwani, na si kwa sababu ya matangazo peke yake. Fedha iliingia. Viwanda vya minofu ya sangara vilipanda kandokando ya maji, na mvuvi aliyeuza sangara asubuhi alikuwa na pesa taslimu mfukoni saa nne. Baadaye dhahabu: mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata, North Mara ukafuata, na kuzunguka kila mgodi mkubwa kulikuwa na wachimbaji wadogo wengi ambao kazi yao ni jua, vumbi na kiu. Mtu wa mashimo hanunui kreti lakini hukaa hapo hapo akanywa mbili kwa mpigo. Wauzaji wanampenda kwa sababu chupa haiendi popote.

Sasa rudi kwenye ramani uone kazi ilivyo. Sengerema na Geita ziko upande wa pili wa Ghuba ya Mwanza. Kwa miaka yote hiyo lori la soda lilikwenda hadi Kigongo, likakaa kwenye foleni ya kivuko, likavuka hadi Busisi, likaendelea. Kivuko kikiharibika, lori linalala. Nansio ilipelekewa soda kwa meli, na ulipopanda MV Clarias uliweza kukuta sitaha ya chini imejaa kreti hadi abiria wanazikalia. Bukoba ilikuwa meli pia au barabara ya kuzunguka. Na kila kilichopanda kilipaswa kushuka. Meli inayorudi Mwanza kutoka visiwani hubeba dagaa, ndizi, nanasi na chupa tupu, na zile chupa tupu ndizo zinazopiga kelele njia nzima.

Visiwani ndiko nilikoiona soda ya ajabu kuliko zote. Kambi za wavuvi nyingi hazikuwa na umeme, lakini zilikuwa na barafu, kwa sababu boti za kukusanya sangara hutoka mwaloni zikiwa na barafu ya kutunzia samaki. Mwenye kibanda mjanja alipatana na mwenye boti. Kwa hiyo ulikuta katikati ya maji, mahali ambapo hata redio inashika kwa shida, Fanta ya baridi kali kuliko ya mjini, imetolewa chini ya tumbo la sangara wa kilo nane. Ukiifuta vizuri kwa khanga inanyweka. Ukisahau kuifuta, midomo yako itakukumbusha hadi jioni. Nilimwambia mwenye kibanda kwamba inanuka samaki, akaniuliza kama nilikuja kisiwani kunusa waridi.

Kwenye sherehe ndipo chupa irudi inapokuwa kazi ya kamati. Kaka yangu alipooa, kamati iligawanywa kama kawaida: chakula, mapambo, usafiri, vinywaji. Mwenyekiti wa vinywaji alikuwa shemeji yetu, mtu wa hesabu, na tulidhani kazi yake ni kuhakikisha soda zinatosha. Yeye alijua zaidi. Aliazima kreti kwa wakala fulani kwa kuandikiana, na tangu saa tatu usiku, watu wakiwa wanacheza, yeye alikuwa chini ya meza akikusanya. Saa saba usiku tukawa tunahesabu kwa taa ya simu. Zilipungua chupa kumi na kitu. Mbili zilikuwa zimepasuka, moja ilikuwa na ua ndani yake juu ya meza ya maharusi, na zilizobaki ziliondoka kwenye mikoba ya mashangazi, zikiwa zimejaa, kwa ajili ya watoto nyumbani. Nani atamwendea shangazi kumdai chupa? Kamati ililipa. Na wakala alihesabu hata zile zilizopasuka mdomo kidogo tu, ambazo ningeapa zilikuja hivyo hivyo. Nikisikia leo mtu anasema bajeti ya vinywaji imebaki na chenji, simwamini.

Kizibo peke yake ndicho kisichorudi, na Mwanza haikukiacha kilale. Kirumba Mwaloni, kwenye soko la samaki, magamba ya sato huparuliwa kwa kipande cha ubao kilichopigiliwa vizibo vya soda, meno yakiangalia nje. Chombo hicho hakiuzwi dukani. Kinatengenezwa na anayekitumia, kwa misumari minne na vizibo vinne, na kinashinda kisu kwa mbali. Kila kijiwe cha drafti nilichowahi kukaa kilichezea vizibo, upande mmoja vimelala kifudifudi na mwingine chali. Watoto walifanyia magurudumu, walimu wa darasa la kwanza walihesabishia. Na kampuni zilipoanza kuchapisha zawadi ndani ya vizibo, baiskeli, televisheni, soda ya bure, mitaro yote ilifagiliwa na watoto wakibandua ile mpira ya ndani kwa kucha. Aliyekigundua kizibo hicho, William Painter wa Baltimore mwaka 1892, alikiundia kitu cha kutumika mara moja na kutupwa.

Ushindani wa kweli ulikuja polepole. Pepsi ilikuwepo zamani na baadaye SBC Tanzania wakaishika, wakaweka kiwanda Mwanza pia, na kwa muda vita ikawa ni ya rangi: kreti nyekundu na kreti za bluu, friji nyekundu na friji za bluu, kuta za maduka zikipakwa rangi bure kwa sharti la kutouza ya mwenzake. Lakini hiyo ilikuwa vita ya mafahali wawili wanaofuata sheria moja. Wote wawili waliishi kwa chupa inayorudi, na mtu wa tatu hakuweza kuingia ovyo kwa sababu alipaswa kwanza kumwaga mamilioni ya chupa zake mitaani ndipo azipate mitupu za kuanzia.

Kilichovunja ukuta huo ni plastiki. Teki awei, kama tunavyoiita. Chupa ya plastiki inafika kiwandani ikiwa bado kifupi cha kushika kiganjani, inapashwa moto, inapulizwa hewa hadi iwe chupa, inajazwa na kuagwa. Hakuna kuosha, hakuna kostiki, hakuna mama wa taa, hakuna kubeba mtupu kutoka Ngara. Ghafla mtu mwenye mtaji na maji mazuri anaweza kutengeneza soda yake. Jambo wakaibuka Shinyanga, mjini pale pale kwenye kanda ya Nyanza Bottling. Sayona wakaweka kiwanda Mwanza. Mo wakaja na zao kutoka Dar, Azam vilevile. Bei zao zilikuwa chini ya za wakubwa, ladha zao zilikuwa tamu kuzidi, na vijana wa bodaboda walizipokea kwa mikono miwili kwa sababu chupa unaichomeka kwenye pikipiki na kuondoka. Serikali ya Magufuli na wimbo wake wa viwanda iliwapigia makofi. Wakubwa nao wakanunua mashine za plastiki, maana hakukuwa na namna.

Sukari tu ndiyo iliyobaki kuwafunga wote kamba moja. Kagera Sugar iko hapa hapa kanda ya ziwa, unaweza kudhani tatizo limekwisha, lakini soda inataka sukari nyeupe ya viwandani iliyosafishwa sana, nayo huagizwa nje. Kwa miaka kadhaa serikali iliwatoza wenye viwanda asilimia 15 ya ziada kwenye sukari hiyo, ya kurudishiwa baadaye ikithibitika haikuuzwa sokoni kama ya chai, na malalamiko ya wenye viwanda yalikuwa kwamba hiyo "baadaye" haifiki. Soma tena sentensi hiyo ukimkumbuka mama mdogo. Kampuni zilizowashikilia wauza duka nchi nzima kwa hela ya chupa zikajikuta nazo zimeshikiliwa hela ya sukari. Sikusikitika sana.

Ng'ambo ya maji hadithi haiko mbali na hii. Kisumu wana Equator Bottlers, wanaojaza Coca-Cola ya magharibi mwa Kenya. Uganda wana Century Bottling wa Coca-Cola, ambao siku hizi wanaitwa Coca-Cola Beverages Uganda, na Crown Beverages wa Pepsi pale Nakawa, ambao mzizi wake ni kampuni iliyoitwa Lake Victoria Bottling, iliyopitia mikononi mwa serikali ya Idi Amin kabla ya kurudi kwa watu binafsi. Ziwa moja, nchi tatu, na kila pwani ina wajazaji wake wanaoteka maji ya bonde lile lile na kuyauza yakiwa na povu.

Chupa za plastiki nazo zinarudi ziwani, ila kwa njia nyingine. Simama kwenye daraja lolote la Mto Mirongo mjini Mwanza baada ya mvua ya asubuhi uangalie kinachopita. Waokota makopo wanajitahidi, wana magunia yao na wana bei yao ya kilo, lakini kilo ya chupa tupu za plastiki ni gunia zima, na mwenye duka haulizwi kitu na mtu yeyote. Nimewahi kumuuliza mtu wa mauzo wa kampuni moja, sitaitaja, kama hawafikirii kurudisha hata senti kidogo kwa kila chupa ya plastiki. Alinijibu kwamba wateja hawataki usumbufu. Labda. Lakini wateja hao hao, miaka mingi, walinywea kwenye benchi la mama mdogo bila kuambiwa mara mbili.

Juni 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi lilifunguliwa, Daraja la JP Magufuli, kilomita 3 juu ya maji, na lori la soda la kwenda Geita sasa linavuka kwa dakika chache. Madereva wanafurahi, na wana haki. Waliopoteza ni wachuuzi wa foleni. Watu waliokuwa wakikaa saa nzima na zaidi wakisubiri kivuko walikuwa wanakula samaki wa kukaanga, mahindi ya kuchoma na soda, na soda ile ilikuwa ya kioo, kwa sababu mtu aliye kwenye foleni ana muda wa kumaliza na kurudisha. Nilimkuta mmoja wa wale akina mama amehamia Usagara, njia panda, ana ndoo ya barafu kichwani na anakimbilia madirisha ya mabasi. Nikamwomba Stoney ya chupa.

"Hapa sina, mdogo wangu," alisema. "Basi halisimami nusu dakika, chupa nitaidai Shinyanga? Kreti zangu nimemwachia dada Busisi, naye anazikalia."